Dawa ya Tano na Mbuzi wa Majirani

Nakuandikia wewe uliyetoka chumba cha daktari na karatasi mkononi, ukaambiwa dawa yako ipo, ila haipo kwenye dirisha la dawa. Kaa chini kwanza. Kunywa maji. Mimi nilitoka na karatasi kama hiyo nikatembea mpaka kituo cha mabasi nikiwa nimevaa kofia ambayo baadaye tuligundua ni ya mlinzi wa hospitali. Leo napalilia, nagombana na watu, naimba besi kanisani. Kwa hiyo naweza kukueleza nilivyokosea, ili wewe ukikosea ukosee kwingine.

Naitwa Zabroni, mkulima wa Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Nina mke, Adela, watoto wanne ambao kila mmoja ana mji wake, shamba la muhogo na maharage, na vishina vichache vya kahawa. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi miaka ya sabini. Kaka yangu Gervas alivuka akiwa mgongoni mwa mama, mimi nikazaliwa huku. Tuliitwa wakimbizi miaka mingi, hata na watu tuliokaa nao dawati moja, mpaka uraia ulipotufikia tukiwa tayari na mvi. Hili nalisema mapema kwa sababu bila hilo hutamwelewa kaka yangu, na ukimwona utamdhania mtu mbaya.

Ugonjwa ulianza na kifungo cha shati. Jumapili moja kola ya sare ya kwaya ilikataa kufunga. Adela akasema nimenenepa, nami nikafurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Wiki chache baadaye suruali ilikuwa inashikiliwa na kamba huku shingo inazidi kujaa, na Adela akaacha kutania. Kulikuwa na vinundu vitatu chini ya sikio la kushoto, vigumu, visivyouma. Kwa kuwa havikuuma nilivipuuza. Jasho lilinitoka kitandani kiasi kwamba godoro lilianikwa kila asubuhi, na jirani mmoja akamuuliza Adela kama tumeletewa mjukuu anayekojoa.

Hospitali ya Kibondo walikata kipande cha kinundu wakakipeleka mbali. Tulingoja kiangazi kikaisha. Majibu yalikuja mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha ardhi na watu wanapanda maharage: saratani ya matezi. Nilipewa rufaa ya kwenda Mwanza. Tukapanda basi alfajiri, Adela akiwa na kapu la ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliokaangwa, mimi nikiwa na uhakika kwamba siku tatu zitatosha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yetu wa kwanza. Hakuzunguka.

"Baba, ugonjwa wako unatibiwa kwa dawa tano. Nne zipo, utaanza kesho. Zitayayeyusha haya matezi. Ya tano ndiyo inayoongeza nafasi ya matezi kutorudi. Hiyo kadi yako ya bima haiigusi."

Nikauliza bei. Aliponitajia ya dozi moja tu, Adela alicheka, kicheko cha kuishiwa. Tungeuza shamba, kahawa na nyumba, tungepata dozi mbili, halafu nizinywee barabarani.

"Hospitali hupata chache kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo," daktari akaendelea. "Kuna kamati inayochagua. Inataka barua ya kijiji, na taarifa ya afisa ustawi wa jamii aliyefika nyumbani kwako akaona."

"Akaona nini?" nikauliza.

"Akaona hali yenu."

"Hali yetu si anaiona hapa hapa?" Adela akasema, akinionyesha kwa kidole, kamba ya kiuno na kila kitu. Daktari alicheka kidogo, akaandika barua ya kupeleka halmashauri.

Dripu ya kwanza ilikuwa na dawa nyekundu. Usidanganyike na uzuri wa rangi yake. Nilipokwenda haja ndogo nikaona nyekundu ile ile, nikatoka chooni nimeshikilia ukuta, nikamwambia Adela aite watoto tuagane. Mama mmoja kwenye benchi alitucheka mpaka akakohoa. Alikuwa anatoka Rungwe Mpya kule Kasulu, anaitwa Mama Kesia, na yeye alikuwa amefika dripu ya nne kwa ugonjwa kama wangu.

"Hiyo ni dawa, si damu," akasema. "Kunywa maji mengi, itatoka. Na tafuna tangawizi kabla hujaanza kusikia kichefuchefu, usingoje kikukute."

Huyo mama alinifundisha zaidi ya karatasi zote. Benchi lile la kungojea ndilo lililokuwa shule yangu. Nilijua nani analeta karanga za kuchemsha, nani anasinzia na kuangukia jirani, nesi gani anajaza maji ya moto kwenye glovu na kukuwekea mkononi mpaka mshipa ujitokeze. Ukimpata nesi wa namna hiyo, msalimie kwa jina kila unapofika.

Tiba ilikuwa kila baada ya siku ishirini na moja. Nywele zilitoka baada ya dripu ya kwanza, zikabaki kwenye mto, zikadondokea kwenye mchuzi. Nyusi zilifuata baada ya dripu ya pili. Vidonge vya siku tano vilinipa njaa ya kutisha, nilikula sufuria nzima ya maharage nikiwa nimesimama, halafu vikiisha ladha yote ilipotea na dagaa wakawa kama misumari. Vidole vya miguu vilikufa ganzi. Siku moja kandambili ilinivuka njiani nikaendelea kutembea mpaka nyumbani bila kujua. Lakini vinundu vilipungua. Nilivipapasa kila asubuhi kabla ya kusali, na nakiri kwamba siku nyingine nilisahau kusali.

Sasa nije kwenye kosa.

Kabla ya dripu ya tatu mtendaji wa kijiji alinipigia simu kwamba afisa ustawi wa jamii atakuja Alhamisi kuona hali yangu. Nilimwambia Gervas siku hiyo hiyo, maana nyumba zetu zinapakana. Sikutegemea alivyopokea.

"Aje aone nini?"

"Kwamba sina uwezo. Ndipo nipate dawa."

Gervas aliweka jembe chini. Kaka yangu si mtu wa kelele, akikasirika sauti inashuka.

"Zabroni, baba aliandikwa ukimbizi. Akaandikwa mgao. Akaandikwa blanketi. Amekufa bado yumo kwenye daftari la watu. Sasa sisi ni raia, tunalima chetu, na wewe unataka kuandikwa fukara? Oya, hapana. Mimi nikiwa hai, huandikwi."

Nikamwambia shingo ni yangu. Akaniambia jina ni letu wote. Tuliachana hivyo, na siku mbili hatukusalimiana. Mwili ulikuwa umechoka sana nikashindwa hata kukasirika vizuri.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimelala, ile siku ya udhaifu mkubwa. Nilisikia fagio uwanjani, kisha sauti nyingi, kisha mbuzi. Sisi hatukuwa na mbuzi. Nilipotoka nikamkuta Gervas na nusu ya kitongoji. Walikuwa wamefunga mbuzi watano kwenye mti wa kivuli. Viti vya plastiki vya kanisa vilipangwa ukumbini, madirishani yalining'inia mapazia ya maua ya mke wa Gervas, na pikipiki ya Gervas iliegeshwa mlangoni ikiwa imeoshwa. Jikoni wanawake walikuwa wanapika wali, na kuku wa mtu alikuwa ameshachinjwa. Mama mmoja mzee, jirani yetu, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, umushitsi, mgeni wa serikali, hawezi kukukuta hivi. Tusingekuacha uaibike."

Ndugu msomaji, nataka unielewe hapa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kwetu mgeni mkubwa akija, jirani yako anakukopesha hata kikombe alichobakiza, na siku yake ikifika unamfanyia vivyo hivyo. Nimewahi kukopesha koti langu la harusi kwa mtu aliyetembelewa na wakwe. Walikuwa wamenipenda kwa njia wanayoijua. Hata Gervas, kwa hasira yake yote, alikuwa ameosha pikipiki kwa mikono yake.

Afisa alifika saa tano. Mama wa makamo, mpole, viatu vimejaa tope la barabara yetu. Tukamkaribisha. Akala wali na kuku, akasifu. Kisha akatoa fomu, akatazama uwanja.

"Mzee, hawa mbuzi ni wako?"

Nilijua palepale. Nilijua hata kabla hajauliza. Lakini wenye mbuzi walikuwa wamesimama pale, wananitazama wakiwa na furaha ya watu waliofanya jambo jema. Ningesema si wangu ningewavua nguo mbele ya mgeni. Ningemwonyesha kaka yangu kuwa mwongo. Nikafungua mdomo nikasema:

"Ni wetu."

Akaandika. Akauliza pikipiki. Gervas akajibu kabla yangu, "Ya nyumbani." Akaandika hiyo nayo. Adela alikuwa mlangoni na sinia mkononi, na sijawahi kuona macho yake vile. Mgeni alipoondoka, mbuzi wakafunguliwa, viti vikabebwa, na watu wakaniaga wakiamini wamenisaidia. Adela hakusema na mimi mpaka kesho yake, na aliposema alisema neno moja tu: "Wetu!"

Jibu la kamati nililikuta Mwanza nilipokwenda dripu ya nne. Mgonjwa ana uwezo wa kuchangia. Ombi halikukubaliwa. Daktari alinisomea akiwa ameinamisha uso. Nilikaa kwenye benchi, sikutafuna tangawizi, sikusalimia mtu. Nilikuwa naogopa. Nasema wazi, niliogopa kufa kwa sababu ya adabu, jambo la kipuuzi kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Matezi yalikuwa yanayeyuka, na mimi nilikuwa nimekwishayafungulia mlango wa kurudi.

Mama Kesia alikuwepo siku hiyo kwa ajili ya vipimo. Nikamsimulia. Nilitegemea anipe pole.

"Umefanya ujinga," akasema. "Mimi walinikuta nimetoka shambani, miguu ina matope, jikoni kuna majani ya maboga tu. Sikupata muda wa kujificha. Sasa wewe nenda kwa huyo mama afisa ukamwambie ulidanganya. Hatakung'ata. Ukisubiri kamati ikuonee huruma, utasubiri mpaka tukuimbie kaburini."

Nilikuwa na hasira naye mpaka basi lilipofika Nyakanazi. Kutoka hapo hasira iliisha, nikaanza kupanga maneno.

Kibondo nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa yule afisa kabla ya kwenda nyumbani. Adela alinisubiri nje, kwa sababu alisema akiingia atalia na mimi nitasahau nilichokuja kusema. Nikamweleza afisa yote: mbuzi, viti, mapazia, kuku. Alinisikiliza bila kuandika.

"Mzee, kuku alikuwa mtamu," akasema mwishoni. "Lakini mimi niliandika nilichoona, na wewe ulikubali. Siwezi kuchana taarifa kwa sababu mtu amekuja kuniambia vingine. Naweza kuandika ya pili, kijiji chenyewe kikisema mbele yangu, kwenye mkutano, na muhtasari ukasainiwa."

"Kiseme nini?"

"Kila kitu ni cha nani."

Hapo ndipo nilipotamani dawa ya tano iwe sindano ya kuchomwa ulimini nisiongee tena maishani. Kuwasimamisha majirani mbele ya serikali waseme walichonifanyia! Nilimwambia Adela nitafikiri. Akaniambia, "Fikiri huku unatembea, basi la dripu ya tano halikungoji."

Mkutano ulifanyika ofisi ya kijiji, watu wengi kuliko kawaida, kwa sababu walisikia Zabroni mgonjwa ataongea. Afisa alikaa pembeni ya mwenyekiti. Nilisimama bila kofia ili waone kichwa. Sikuwa na hotuba ndefu. Niliwashukuru. Nikasema siku ile mlinisitiri, na hakuna siku nitakayosahau. Kisha nikasema stara ile imeninyima dawa, kwa sababu karatasi inaonyesha mimi ni tajiri wa mbuzi watano na pikipiki, na bila dawa hiyo ugonjwa unaweza kurudi ukanimaliza. "Naomba kila mtu achukue mali yake," nikasema. "Kwa mdomo, mama huyu aandike."

Nilianza kufikiri nimewatukana wote kwa mara moja.

Yule mama mzee jirani yetu ndiye aliyenyanyuka wa kwanza, kwa shida, akishika bega la mwenzake.

"Mbuzi wa madoa ni wangu," akasema. "Na wa kike mweusi. Na alirudi amekula mkeka wa watu, sikusema."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikafungua mlango. Mwingine akasema mbuzi watatu ni wake, na aandikwe wazi kwamba ni watatu. Mzee wa kanisa akasimama akasema viti ni vya Bwana. Mwanamke mmoja akadai kuku wake, ingawa tulikuwa tumeshamla, akaandikwa. Mapazia yakapata mwenyewe. Afisa aliandika kwa haraka huku anajizuia kucheka.

Ikabaki pikipiki. Hakuna aliyetaja. Gervas alikuwa amekaa benchi la nyuma, mikono kwenye magoti. Tangu jibu la kamati lije hakuwa amenikanyagia uwanja, na mimi sikuwa nimemwita. Mwenyekiti akauliza mara mbili.

Akasimama.

"Pikipiki ni yangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini. Nikadhani amemaliza. Hakukaa. "Mama, andika. Huyu ni mdogo wangu, wa baba mmoja mama mmoja. Hana uwezo wa kununua hiyo dawa. Na mimi kaka yake sina uwezo wa kumnunulia. Nimepiga hesabu kwa kila njia, sina. Kwa hiyo usimwandike peke yake. Mimi niandike hapo hapo chini yake, jina langu lote."

Afisa akamuuliza jina lote, naye akalitaja, neno kwa neno, mbele ya kijiji kizima. Mimi nililia, na sikuona sababu ya kuficha. Adela alinipa kanga yake nijifute.

Kutoka pale afisa alitembea nasi mpaka nyumbani. Hakukuwa na kitu uwanjani. Adela alimpa kigoda chetu, na ugali wa muhogo na majani ya maharage, akala vile vile alivyokula wali.

Kamati ilikaa tena, nami nikaenda dripu ya tano bila jibu. Niliingia nikajaza fomu, nikakaa kwenye kiti, na nesi akaja na chupa ambayo sikuwahi kuiona, maji meupe tu yasiyo na rangi yoyote. Akanisomea jina langu kwenye lebo. Nikamwomba anisomee tena. Saa ya kwanza nilitetemeka mpaka meno yakagongana, wakapunguza kasi ya dripu na kunifunika blanketi mbili. Ikikutokea usiogope, waambie mapema, usijikaze kiume kama mimi. Tulikaa siku nzima, tone kwa tone, na Adela alisinzia na kuangukia mgonjwa wa jirani. Baada ya dripu ya sita zile dawa nne zilikoma, na nikaendelea na ya tano peke yake masika yote. Mama Kesia alinipigia kutoka Rungwe Mpya kila nilipokuwa safarini, kuhakikisha nina tangawizi.

Kwa hiyo wewe mwenye karatasi, nenda uombe. Dawa hizo ni haki yako kama maji ya bomba la kijiji, na kuomba hakukupunguzii kitu. Ukikataliwa uliza kwa nini, kisha rudi. Afisa akija, mkute ulivyo. Mwaka huu mjane mmoja hapa kwetu alipotangaziwa ugeni kama wangu, majirani walikwenda kumsaidia kuficha hata sufuria zake mbili, nikalazimika kwenda kuwafukuza. Waache sufuria, niliwaambia. Mwenye nazo anaziona, na anayekuja naye ataziona.

Mwezi wa tano, maharage ya msimu wa pili yakiwa yamekauka shambani, niliingia kwenye ile mashine ya picha. Daktari alikuja na picha zangu, akazitazama kwenye mwanga muda mrefu, akaniambia hakioni alichokuwa anakitafuta. Nitarudi kila baada ya miezi mitatu, lakini leo hakioni. Adela alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya hospitali. Mimi nikatoka korido nikampigia Gervas.

Nilimwambia. Nilisikia upepo wa shambani kwenye simu, na pumzi yake, na nikajua yuko kwenye shamba langu. Msimu mzima nilikuwa nimemwachia Adela na Mungu lile shamba, sikuuliza nani anapalilia.

"Gervas?"

"Ego, nasikia," akasema, na sauti ilikuwa imekatika. "Basi rudi uvune maharage yako. Mimi nimechoka, nina shamba langu."

Nilicheka kwa nguvu hadi nesi akatoka mbio kuuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama.